Jomon: Neno Lililotoka Kwenye Kamba

Vyungu vya kale vya Japani vinavyojulikana kuliko vyote vilitoka bonde la mto Shinano, mkoani Niigata. Vilifinyangwa takriban miaka 5,000 iliyopita, na midomo yake imepandishwa juu kama ndimi za moto, imejaa mikunjo na masikio ya udongo uliobandikwa kwa mkono. Vile vilivyochimbuliwa Sasayama, mjini Tokamachi, vilitangazwa mwaka 1999 kuwa hazina ya taifa. Wajapani wote huviita vyungu vya Jomon, na maana ya neno hilo haina fumbo: jo ni kamba, mon ni nakshi. Jomon ni nakshi ya kamba, yaani alama inayobaki kwenye udongo mbichi baada ya kamba kupita juu yake. Lakini ukivikagua vyungu hivyo vya ndimi za moto kuanzia mdomoni hadi kitakoni, kwa kawaida hutaikuta alama ya kamba. Aliyevifinyanga alibandika, alichimba mifereji, alikata kingo, ila kamba hakuigusa. Chungu kinachosimama mbele ya vingine vyote kama mfano wa Jomon hakina jomon.

Hitilafu hii inaweza kuonekana ndogo, ya kuwashughulisha watunza makumbusho tu. Mimi naiona kuwa ndiyo mlango wa kuielewa historia nzima ya neno hili. Jomon lilianza kama maelezo ya kitu kinachoonekana kwa jicho na kuguswa kwa kidole. Baadaye likapewa kazi ya kutaja zama zinazozidi miaka 13,000, halafu watu walioishi katika zama hizo, halafu roho ya taifa. Kila lilipopandishwa cheo, halikuletewa ushahidi mpya wa kulistahilisha. Lilikwenda na heshima yake ya zamani, ile heshima ya neno linalotaja kitu cha kushikika. Kwa hiyo msikilizaji anaposikia "watu wa Jomon" anadhani ameambiwa jambo lenye uhakika sawa na alama iliyoko kwenye kigae. Hajaambiwa hivyo.

Tuanze na waliolitunga. Mwezi Juni 1877, Edward Sylvester Morse, mtaalamu wa wanyama kutoka Maine, Marekani, alishuka bandarini Yokohama. Alikuja kuchunguza viumbe wadogo wa baharini wenye makombe mawili, ambao pwani za Japani zilikuwa nao kwa wingi. Akiwa ndani ya garimoshi kuelekea Tokyo, karibu na stesheni ya Omori, aliona kwenye ukingo wa udongo uliokatwa kupisha reli tabaka jeupe la makombe. Alikuwa ameshayaona malundo ya namna hiyo kwenye pwani za kwao, akajua mara moja kwamba ni jaa la watu wa kale. Tokyo ilikuwa imepata chuo kikuu chake mwaka huohuo, na chuo hicho kikampa Morse kazi ya kufundisha elimu ya wanyama. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amekwenda Omori na wanafunzi wake kuchimba. Walipata mifupa, zana za mifupa na za pembe za paa, na vigae kwa wingi. Kitabu chake kuhusu machimbo hayo kilitoka mwaka 1879, na ndani yake, miongoni mwa maelezo mengi ya umbo na mapambo, aliviita baadhi ya vyungu kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya vyungu vyenye alama za kamba.

Kwa hiyo neno ambalo leo Wajapani wengi wanalihisi kuwa la kwao tangu enzi ni tafsiri ya maneno ya mgeni. Tena halikupatikana kwa jaribio la kwanza. Yatabe Ryokichi, mtaalamu wa mimea aliyekitafsiri kitabu cha Morse, alichagua sakumon, kwa kutumia alama nyingine ya maandishi ya Kichina ambayo nayo ina maana ya kamba. Mwaka 1886 kijana mwingine wa elimu ya mimea, Shirai Mitsutaro, aliandika jomon badala yake, na hilo ndilo lililoshika. Herufi zote mbili za neno hili zina asili ya China na husomwa kwa matamshi yaliyotoka huko. Kamba ya kila siku, ile ya kufungia mzigo, Mjapani huiita nawa. Jomon basi ni neno la kisomi tangu kuzaliwa, lililotungwa kwa mbao za Kichina kwenye msingi wa Kiingereza, na lisilotamkwa hata mara moja na waliovifinyanga vyungu hivyo. Lugha yao haikuacha maandishi.

Jambo moja hapa linastahili kuzingatiwa kuliko linavyozingatiwa kwa kawaida. Morse alikuwa mtu wa wanyama. Yatabe na Shirai walikuwa watu wa mimea. Waliotunga neno hili walifundishwa kutaja viumbe kwa sifa inayoonekana: ndege mwenye kishungi, jani lenye meno. Katika elimu yao jina la namna hiyo halina hatari kubwa, kwa sababu kando ya jina kuna maelezo kamili ya kiumbe, na kuna kielelezo kilichohifadhiwa ambacho mtu anaweza kukirudia wakati wowote akakagua. Jina likikosea, kielelezo husahihisha. Jomon liliondoka mikononi mwa wataalamu hao bila walinzi wa aina hiyo. Hakuna chungu kimoja kilichowekwa mahali kuwa kipimo cha vyungu vingine vyote, wala maelezo yaliyokubaliwa kwamba chungu kisicho na sifa hii na hii si cha Jomon. Lilibaki jina peke yake, na jina peke yake hunyumbuka.

Kama fundi na ala yake, neno hili lilieleweka vizuri zaidi mikononi mwa mwanaakiolojia Yamanouchi Sugao, aliyeishi kati ya 1902 na 1970. Kwa miaka mingi wachimbaji walidhani alama zile zilitokana na kitambaa, mkeka au kikapu kilichobonyezwa kwenye udongo. Mwaka 1931, kwa kujaribu mwenyewe, Yamanouchi aligundua kwamba mfinyanzi alichukua kipande kifupi cha kamba iliyosokotwa akakiviringisha kwa kiganja juu ya udongo mbichi. Ukisokota uzi kuelekea kulia unapata mistari inayoinama upande mmoja. Ukiusokota kuelekea kushoto inainama upande wa pili. Ukiunganisha nyuzi mbili, tatu au nne, ukafunga fundo, ukazungushia uzi kwenye kijiti, kila namna inaacha alama yake. Kwa hiyo kigae kimoja kinaweza kumwambia mtaalamu kamba iliyooza maelfu ya miaka iliyopita ilisokotwaje, nyuzi ngapi, kwa mwelekeo upi. Napenda kulisisitiza hili, kwa kuwa hapa neno jomon ni kweli tupu na linatupa elimu ambayo tusingeipata kwa njia nyingine.

Ufundi huo wenyewe si wa Japani peke yake. Alama za kamba zipo kwenye vyungu vya kale vya Ulaya ya kaskazini na vya China. Katika eneo la Maziwa Makuu, kuanzia Uganda hadi Rwanda, Burundi na magharibi ya Tanzania, wafinyanzi wamekuwa wakiviringisha kamba fupi zilizosokotwa au kusukwa kwa nyasi na nyuzi za mimea juu ya bega la chungu kwa karne nyingi, na ufundi huo umefika hadi siku zetu. Hakuna anayedai kwamba mfinyanzi wa Burundi na yule wa Omori walikuwa jamaa. Udongo mbichi hualika alama, na kamba iko karibu na mkono wa kila anayefanya kazi ya nyumbani. Alama peke yake haithibitishi undugu, ujirani wala lugha moja. Ukweli huu mdogo ungetosha kulizuia neno jomon lisipande ngazi lililopanda.

Lakini lilipanda, na lilipanda kwa sababu za wakati wake. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 swali kubwa halikuwa vyungu vimetengenezwaje. Lilikuwa ni vya nani. Morse alisema watu wa Omori walikuwa kabila lililotangulia hata Waainu wa kaskazini. Koganei Yoshikiyo, mtaalamu wa maumbile ya mwili, alisoma mifupa akasema ni Waainu wenyewe. Mwanaanthropolojia Tsuboi Shogoro akashikilia kwamba ni Koropokkuru, watu wafupi wa masimulizi ya Waainu, na hakuliacha shauri lake hadi alipofariki mwaka 1913. Walitofautiana katika yote isipokuwa moja: waliotumia vyungu vya kamba hawakuwa Wajapani. Wajapani, kwa mujibu wa historia iliyofundishwa shuleni, walikuja na miungu na Kaizari wa kwanza Jimmu, ambaye enzi yake ilihesabiwa kuanza mwaka 660 kabla ya Kristo. Mwaka 1940 taifa lilisherehekea kutimia kwa miaka 2,600 ya enzi hiyo, na msomi Tsuda Sokichi, aliyehoji ukweli wa masimulizi hayo, alipigiwa marufuku vitabu vyake. Katika hali hiyo vyungu vya kamba vilikuwa mali ya watu waliopisha.

Baada ya kushindwa vita mwaka 1945, masimulizi ya miungu yaliondolewa madarasani. Kitabu cha historia cha shule za msingi kilichotoka 1946, kiitwacho Kuni no Ayumi, kilianza na watu wa mawe na vyungu. Taifa lililopoteza mwanzo wake wa mbinguni lilihitaji mwanzo mwingine, na mwanzo uliokuwa tayari ulikuwa ardhini. Hatua kwa hatua, jina la nakshi likawa jina la zama, na wenye zama hizo wakawa mababu. Ninaona jambo hili kuwa la kushangaza zaidi katika safari yote. Vigae ni vilevile, alama ni zilezile, kamba imesokotwa vilevile. Lakini waliovitengeneza, ambao nusu karne kabla walikuwa wageni waliofukuzwa, sasa wakawa wazee wa ukoo. Kama neno lingekuwa linabeba ujuzi wa kweli kuhusu watu, lisingeweza kugeuka kiasi hicho bila kubomoka. Liligeuka bila shida kwa kuwa juu ya watu halikuwa na chochote ndani yake.

Jirani yake, neno Yayoi, jina la zama zinazofuata Jomon, linaonyesha tofauti. Mwaka 1884 mtungi ulipatikana Mukogaoka Yayoi-cho, mtaa wa Tokyo ulio jirani na chuo kikuu. Shirai mwenyewe, pamoja na Tsuboi na Arisaka Shozo, ndio waliohusika na ugunduzi huo. Mtungi ulionekana mwembamba na mtulivu kuliko vyungu vya kamba, na katika miaka ya 1890 aina yake ikaanza kuitwa kwa jina la mtaa. Yayoi katika kalenda ya zamani ni mwezi wa tatu. Kwa vyungu halina maana yoyote. Ni jina la mahali, halisemi kitu kuhusu sura ya chungu, kwa hiyo haliwezi kusema uongo juu yake. Basi itazame hali hii: mtungi ule wa kwanza, uliolipa zama za Yayoi jina lao, una nakshi ya kamba begani. Katika mashariki ya Japani wafinyanzi wa Yayoi waliendelea kuviringisha kamba kwa muda mrefu. Yaani chungu maarufu kuliko vyote vya Jomon hakina kamba, na chungu asilia cha Yayoi kinayo. Neno linalodai kueleza limeshindwa mtihani ambao neno lisilodai kueleza halikuhitaji hata kuufanya.

Mwanzo wa zama za Jomon nao umelisumbua neno. Mwaka 1937 Yamanouchi alipanga vyungu vya nchi nzima katika jedwali la awamu tano, na baadaye ya sita ikaongezwa mwanzoni; mpangilio huo ndio uti wa mgongo wa elimu hii hadi leo. Kuhusu umri wa miaka, hata hivyo, alikuwa akikadiria kwa kulinganisha na bara la Asia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mkaa na makombe kutoka Natsushima, karibu na Yokosuka, yalipimwa kwa kaboni ya mionzi katika Chuo Kikuu cha Michigan, na majibu yakazidi miaka 9,000. Yamanouchi alikataa kuyapokea. Vyungu vikongwe kiasi hicho, vikongwe kuliko vya Mashariki ya Kati, tena mikononi mwa watu wasiolima, vilipinga yote yaliyokuwa yakiaminiwa kuhusu maendeleo ya binadamu. Vipimo vikashinda. Mwaka 1999 zikatangazwa tarehe za vigae vya Odai Yamamoto, mkoani Aomori, zilizopatikana kwenye masizi ya chakula yaliyoganda juu yake: takriban miaka 16,000, na kwa hesabu nyingine zaidi ya hapo. Vigae hivyo ni vitupu. Havina kamba, havina mstari, havina nakshi.

Hapa mtu angetegemea wataalamu waseme kwamba hiki ni kitu kingine, kitafutiwe jina. Wengi walisema kinyume: zama za Jomon zimerefuka. Hoja yao ni kwamba chungu ndicho alama ya zama, na chungu kimepatikana. Lakini miaka 16,000 iliyopita dunia ilikuwa bado kwenye Zama za Barafu. Watu wa Odai Yamamoto walitumia zana za mawe zinazofanana na za wawindaji wa kabla yao. Vijiji vya kudumu, mashimo ya kuhifadhia njugu za msituni, malundo ya makombe, yote yanayokuja akilini mtu anapotaja maisha ya Jomon, yalienea maelfu ya miaka baadaye, hali ya hewa ilipopata joto. Ndiyo maana wapo watafiti wanaotaka mwanzo usogezwe hadi kwenye ongezeko hilo la joto, takriban miaka 11,500 iliyopita. Tofauti ya pande hizi mbili ni zaidi ya miaka 4,000, na sehemu kubwa ya ubishi inatokana na jina. Kwa kuwa zama zimeitwa kwa chungu, chungu kimepewa haki ya kuzifungua, hata pale ambapo mtindo wa maisha haukubadilika. Neno limeamua swali ambalo lilipaswa kuamuliwa na mifupa, mbegu na majivu ya jikoni.

Mwisho wa zama una tatizo lilelile, labda kali zaidi. Mwaka 1978, huko Itazuke katika jiji la Fukuoka, wachimbaji walifikia mashamba ya mpunga yenye mifereji na kingo, na vyungu vilivyopatikana humo vilikuwa vya aina iliyohesabiwa kuwa ya Jomon ya mwisho. Muda mfupi baadaye mambo yaleyale yakaonekana Nabatake, mjini Karatsu. Kama zama hupimwa kwa chungu, basi watu wa Jomon walilima mpunga wa majini. Kama hupimwa kwa mpunga, basi vyungu vile ni vya Yayoi. Mwanaakiolojia Sahara Makoto alichagua mpunga, na wengi wakamfuata. Ikaundwa awamu mpya ya mwanzo wa Yayoi, na vyungu vilevile vikahamishwa upande. Sipingi uamuzi huo; nauona wa busara. Ila ulikuwa ni kukiri kwamba chungu hakitoshi kubeba zama. Ukikiri hilo kwenye mlango wa kutokea, kwa haki gani chungu kinaendelea kutawala mlango wa kuingilia?

Tena hayo yote ni ya visiwa vikuu. Hokkaido haikupokea mpunga wakati huo. Huko wataalamu wanazungumzia Jomon iliyoendelea hadi karibu karne ya 7 baada ya Kristo. Okinawa na visiwa vya kusini vilikuwa na mkondo wao, ambao watafiti wa huko huuita zama za malundo ya makombe, jina lililotoka kwenye ardhi yao wenyewe. Hata Kyushu, ambako vyungu vya zamani sana vimepatikana, kuna vipindi virefu ambavyo nakshi ya kamba ni adimu, na wafinyanzi walitumia makombe, vijiti vilivyochongwa au kucha. Alama ya kamba ilistawi hasa mashariki na kaskazini. Jina lililotokana na mapambo ya upande mmoja wa nchi limetandazwa juu ya nchi nzima, na wasomaji wa upande wa pili wanafundishwa kujisoma humo.

Lipo pingamizi ambalo mtu mwenye akili timamu atalitoa: jina ni jina. Mwezi wa Oktoba una asili ya neno nane katika Kilatini, na hakuna anayekosa mkutano kwa ajili hiyo. Zama za Mawe zilikuwa na mbao nyingi kuliko mawe, na bado tunaelewana. Kwa nini Jomon lisiachwe liwe kibandiko tu, kama Yayoi? Ningekubali bila ubishi iwapo lingekubali kuwa kibandiko. Oktoba limekufa maana yake ya zamani. Hakuna anayehesabu nane akilisikia. Jomon halijafa hivyo. Tumeona mwanzo wa zama ukisogezwa maelfu ya miaka nyuma kwa ajili ya vigae vitupu, kwa sababu tu neno linahusu vyungu. Kibandiko hakifanyi hivyo. Kibandiko hakina la kusema katika ubishi; hili lina kura, na kura yake huhesabiwa bila kuonekana.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Watasema: hata kama jina ni baya, kitu kilichotajwa kipo. Tangu Aomori hadi Kyushu, kwa maelfu ya miaka, waliishi wawindaji, wavuvi na wachumaji waliokaa vijijini, wakachimbia nyumba zao chini, wakafinyanga sanamu za udongo, wakala njugu na samaki, bila kuwa na falme wala vita vikubwa. Vinasaba navyo vinaunga mkono: mabaki ya watu wa kipindi hicho yaliyosomwa yanafanana wao kwa wao na kutofautiana na ya watu wa bara. Yote haya yana ukweli. Sannai Maruyama, kijiji kikubwa cha Aomori kilichoanza kuchimbuliwa kwa upana mwaka 1992, kinatisha kwa ukubwa na muda wake, na mwaka 2021 kiliingizwa na maeneo mengine 16 ya kaskazini katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Lakini itazame orodha hiyo yenyewe: ni maeneo ya kaskazini, na wanayoyaeleza ni maisha ya kaskazini. Kufanana kwa vinasaba ni kufanana kwa miili. Hakuthibitishi lugha moja, ibada moja wala jina moja ambalo watu hao walijiitia. Miaka 13,000 ni muda ambao ungemeza historia yote iliyoandikwa duniani zaidi ya mara mbili. Kusema humo waliishi "watu" wa aina moja ni dai kubwa, na ushahidi wake hauwezi kuwa neno lililobuniwa 1886.

Na vinasaba vikisomwa kwa uangalifu vinaleta swali jingine. Kwa Wajapani wa visiwa vikuu, sehemu ya urithi inayotoka kwa wakazi hao wa kale hukadiriwa mara nyingi kuwa kati ya asilimia 10 na 20. Kwa watu wa Okinawa ni kubwa zaidi, na kwa Waainu ni kubwa mno. Waainu, ambao mababu zao walinyang'anywa ardhi ya Hokkaido katika enzi ya Kaizari Meiji, ileile ambayo Morse alichimba Omori, ndio warithi wa karibu zaidi wa wale ambao neno limewafanya kuwa mababu wa taifa zima. Neno "watu wa Jomon" linauficha ukweli huu kwa upole. Linampa Mjapani wa Tokyo babu wa miaka 10,000 bila kumtaja Mwainu aliye hai. Hili ndilo linalonifanya nisiweze kulichukulia suala hili kama mchezo wa wapenda maneno.

Ngazi ya juu kabisa ni ile ya roho. Mwaka 1951 msanii Okamoto Taro alisimama mbele ya vyungu hivyo katika jumba la makumbusho la taifa mjini Tokyo, na mwaka uliofuata akaandika insha iliyobadilisha jinsi ya kuvitazama. Kabla yake vilikuwa vitu vya wataalamu. Yeye akavitangaza kuwa sanaa yenye nguvu isiyotulia, kinyume cha utulivu uliokuwa ukisifiwa kama uzuri wa Kijapani. Alifanya haki kubwa: wafinyanzi wale walistahili kuitwa wasanii. Mnara wa Jua alioujenga kwa maonyesho ya dunia ya Osaka mwaka 1970 una kitu cha nguvu hiyo. Ila baada yake neno likafunguka kwa kila mtu. Mwerezi mkongwe wa kisiwa cha Yakushima unaitwa Jomon Sugi, ingawa mti haufinyangwi wala haupigwi kamba. Uso wa mtu unaweza kuitwa wa Jomon au wa Yayoi, tabia ya mtu pia. Insha ya msanii ina ruhusa ya kukuza; tatizo ni pale ukuzaji huo unaporudi darasani ukivaa joho la akiolojia.

Kwetu Afrika Mashariki akiolojia ilishapita njia hii, na mahali pamoja ilichukua hatua ya busara. Mwaka 1948 Mary Leakey na wenzake walichapisha maelezo ya vyungu vya kale kutoka eneo la Nyanza, Kenya, vilivyokuwa na kibonyeo cha kidole kitakoni, wakaviita kwa kibonyeo hicho. Kadiri machimbo yalivyoenea hadi Rwanda, Burundi na Buhaya, ilionekana kwamba vyungu vingi vya kundi hilohilo havina kibonyeo. Jina la maelezo likaachwa, likachukuliwa jina la mahali: Urewe, kule Siaya. Vivyo hivyo vikaja vyungu vya Kwale. Hatukupona kabisa, kwa maana vyungu hivyo vimetumika kwa miongo kuchora mishale ya safari za Wabantu kwenye ramani, kana kwamba chungu kina miguu na lugha. Lakini jina la Urewe halimlazimishi mtu aone kibonyeo kisichokuwepo, na likitokea gae lisilolingana, hakuna neno linalomvuta mkono mwanaakiolojia aliingize.

Sipendekezi Wajapani walifute neno Jomon. Limeingia kwenye sheria, vitabu na majina ya makumbusho, na kwa vyungu vyenye alama ya kamba hakuna neno zuri kuliko hilo. Ninachotetea ni lirudi kwenye udongo. Litaje nakshi pale nakshi ilipo. Litaje awamu za jedwali la Yamanouchi, kwa kuwa hizo zina ushahidi wa tabaka kwa tabaka. Pale linapotakiwa kutaja watu, watajwe kwa mahali na wakati wao: wavuvi wa ghuba ya Tokyo wa miaka 4,000 iliyopita, wanakijiji wa Sannai Maruyama. Inachosha kuandika hivyo, naelewa, lakini uchovu huo ndio bei ya kusema kile tu kinachojulikana.

Yamanouchi alikuwa na desturi moja ambayo wengi waliiona ukaidi wa mzee. Mon katika jomon inaweza kuandikwa kwa herufi mbili. Moja, ambayo ndiyo iliyoenea katika vitabu vya shule, hutumika pia kuandika maneno ya maandishi, utamaduni na ustaarabu. Nyingine huongezewa upande wa kushoto alama ya uzi, na maana yake ni nakshi, basi. Shirai aliandika kwa ile yenye uzi. Yamanouchi naye, aliyezijua kamba hizo kwa vidole vyake kuliko mtu mwingine yeyote, alishikilia kuandika ile yenye uzi, na Sahara baada yake akafanya vivyo hivyo. Kwani ile nyingine, kabla mtu hajachimba hata shimo moja, imeshamwambia kwamba atakuta utamaduni. Hii ya uzi inamwambia tu kwamba juu ya udongo huu ilipita kamba.